Dokta, mama aache dawa za presha mpaka joto liishe?

"Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 58, presha huu mwaka wa 9 na kisukari mwaka wa 4. Ni mama lishe, ana banda lake la bati hapa Mbagala, anaanza saa 10 alfajiri na vitumbua na chapati, mchana wali maharage, vyote kwenye mkaa. Dawa zake ni amlodipini ya 10, losatani ile iliyochanganywa na dawa ya kukojoa, na metfomini. Tangu joto lilivyokolea anapata kizunguzungu mchana, wiki iliyopita alidondoka kabisa akiwa anainuka kwenye kigoda. Tukampeleka duka la dawa wakampima ikaja 96/58, wakasema hiyo ni presha ya kushuka, aache dawa zote za presha mpaka joto lipungue, anywe soda na alambe chumvi. Sa hivi ni siku ya 6 hajameza, kizunguzungu kimepungua ila usiku kichwa kinamgonga, jana ilikuwa 178/104. Na magoti yanamsumbua, anatumia diklofenaki karibu kila siku. Jirani anasema tatizo ni moshi sio joto. Naomba kujua arudie dawa au aache? Moshi una uhusiano na presha kweli? Na haya mabadiliko ya tabianchi wanayoongelea kwenye redio kila siku yanamhusu nini mtu kama mama?"

Marahaba mdogo wangu, pole sana na kuuguza. Swali lako lina mambo mengi ndani yake na yote nitayagusa, ila kuna mawili hayawezi kusubiri maelezo. La kwanza, mama aende kliniki kesho asubuhi, asisubiri tarehe yake ya kadi. Mtu wa presha na kisukari aliyekaa siku 6 bila dawa halafu akasoma 178/104 huku kichwa kinagonga, huyo anatakiwa aonwe na mtu. Kama usiku huu kichwa kikizidi, au kifua kikabana, pumzi ikawa fupi, macho yakaona ukungu, mdomo ukapinda, mkono au mguu upande mmoja ukaisha nguvu, hata hiyo kesho msiingoje, iteni bajaji muende hospitali inayopokea dharura. La pili, diklofenaki aiache leo hii. Hilo naweza kukwambia hata bila kumuona, na nitakueleza kwa nini.

Sasa tuje kwenye hii "presha ya kushuka". Mtaani tumezoea kusema kuna presha ya kupanda na presha ya kushuka kama vile ni magonjwa mawili, kwamba wewe una hili na yule ana lile, na mwenye la kushuka dawa yake ni chumvi na soda. Sio hivyo. Mama ana ugonjwa mmoja tu, shinikizo la juu la damu, na ugonjwa huo haujaondoka. Kilichotokea siku ile ni kwamba presha yake ilisukumwa chini kwa muda na vitu vitatu au vinne vilivyokutana saa ile ile, na ukiviondoa vile presha inarudi juu kama ulivyoona jana. Yule wa duka la dawa simlaumu kwa kuiona 96/58 akaogopa, hata mimi ningeogopa, lakini kumwambia mtu aache dawa zote bila kikomo ni kumtoa kwenye kisima na kumweka barabarani. Dawa huenda kweli zinahitaji kupunguzwa kipindi hiki, hilo ntalifikia, ila kupunguza dozi ukiwa unapimwa ni tofauti kabisa na kuacha.

Ili uelewe kilichomdondosha mama inabidi ujue mwili unapambana vipi na joto. Mwili unataka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi. Joto likizidi una njia kubwa mbili za kulitoa. Moja ni kupeleka damu kwenye ngozi, mishipa ya ngozi inafunguka, damu ya moto inasogea nje ili ipoe. Mishipa ikifunguka mingi kwa wakati mmoja presha inashuka, na moyo inabidi upige haraka zaidi ili damu iendelee kufika kichwani na kwenye figo. Njia ya pili ni jasho, na hapa Dar ndo kuna tatizo letu, maana jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Mtu wa Dodoma kwenye nyuzi 33 jasho linakauka hata hajaliona. Sisi huku kuanzia Desemba mpaka Machi hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho linatoka, linatiririka mgongoni, linadondoka chini. Tone lililodondoka chini halijapoza kitu, mwili umepoteza maji na chumvi bure. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mbona Dar ni nyuzi 32 tu, huko kwa wenzetu wanafika 40, mwambie namba ya kipimajoto peke yake haisemi ukweli wote. Tena hiyo ni ya kivulini penye upepo. Mwambie aje akae chini ya bati la mama yako saa 7 mchana, jiko mbili zinawaka mbele yake.

Chukua sasa mwili huo uliokwisha fungua mishipa na kupoteza maji, halafu weka dawa juu yake. Amlodipini kazi yake ni kulegeza mishipa, na joto nalo linalegeza mishipa, wanasukuma upande mmoja. Dawa ya kukojoa inatoa maji na chumvi, na jasho nalo linatoa maji na chumvi. Losatani inazuia ule mfumo wa homoni ambao mwili unautumia kujitetea maji yakipungua, yani saa ambayo mwili unataka kubana mishipa ili presha isidondoke, mlango umefungwa. Kila moja ya dawa hizi ni nzuri na imeokoa watu wengi sana, na mwezi wa Julai mama anaenda nazo vizuri tu. Februari dozi ile ile inakuta mwili mwingine. Mtu anakaa kwenye kigoda saa nzima anageuza chapati, damu imetuama miguuni, anainuka ghafla kuchukua sufuria, kichwa kinakosa damu sekunde chache, anadondoka. Na mshukuru Mungu hakudondokea kwenye karai la mafuta.

Diklofenaki inaingia hapa. Maji ya mwili yakipungua figo zina namna yake ya kujilinda, zinaachia mishipa yake midogo ili damu iendelee kupita. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wanaua ule ulinzi. Ukichanganya dawa ya kukojoa, dawa ya aina ya losatani (au kaptopuri, enalapuri, lisinopuri, zote ziko kapu moja) na diklofenaki, kwa mtu aliyeishiwa maji, figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache na hamna maumivu yoyote ya kukustua. Juu ya hapo diklofenaki yenyewe inapandisha presha. Kila kiangazi nawaona wagonjwa wa hivi, na karibu wote ukiwauliza unatumia dawa gani wanataja za kliniki tu, ya magoti hawaitaji kwa sababu wameinunua wenyewe dukani na hawaihesabu kama dawa. Kesho mama aitaje. Na aombe kipimo cha figo, kile cha kriatinini, pamoja na cha potasiamu (chumvi ya madini iliyomo kwenye damu) kama kinapatikana. Kwa magoti kwa sasa atumie parasetamo kwa kipimo cha kawaida mpaka aonwe.

Kisukari nacho kina mkono wake. Sukari ikiwa juu kwenye damu inatoka na mkojo na inaondoka na maji, ndio maana mgonjwa anakojoa sana na kuwa na kiu. Maji yakipungua, sukari iliyobaki inakuwa nzito zaidi, anakojoa zaidi, na jua linaongezea kutoka upande wa pili. Sasa katikati ya hali hiyo ukampa soda! Chupa ya mililita 350 ina karibu vijiko 9 vya chai vya sukari. Ile nafuu anayoisikia baada ya soda ni maji yaliyomo pamoja na kukaa chini kivulini, angepewa maji angepata nafuu ile ile. Na chumvi ya kulamba ndo mafuta kwenye moto wa usiku, kwa siku nzima mtu mzima hatakiwi kuzidi gramu 5, yani kijiko kimoja cha chai pamoja na iliyomo kwenye mchuzi na kwenye chapati zenyewe. Pia watu wenye kisukari cha muda mrefu mishipa ya fahamu inachoka, wengine miguu haitoi jasho kama zamani wala haisikii moto, nimewahi kuona nyayo za mama mmoja zimetoka malengelenge kwa kutembea kwenye zege la moto na hakusikia. Mama avae ndala zenye soli nene na kila usiku umwangalie nyayo kwa tochi ya simu, na hapo katikati ya vidole.

Kwa wasomaji wengine wenye insulini, joto linafanya iingie kwenye damu haraka zaidi kwa hiyo sukari inaweza kushuka ghafla, na yenyewe ikikaa kwenye joto inaharibika bila kubadilika rangi. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, iliyofunguliwa inavumilia kama wiki 4 sehemu ya baridi isiyozidi 25 mpaka 30 kulingana na aina, soma karatasi yake. Kama huna friji, chungu cha udongo ndani ya chungu kingine na mchanga wa majimaji katikati kinasaidia, ila kwa unyevu wetu wa Dar hakipozi sana kama kinavyopoza Dodoma, kwa hiyo usijiamini nacho kupita kiasi, ongea na jirani mwenye friji. Na strip za kupimia sukari zisikae kwenye kopo wazi.

Haya, moshi. Jirani ana haki nusu. Anachokosea ni kusema sio joto, maana ni vyote viwili, na ndo maana namba za mama zinapanda na kushuka kama pampu.

Watu wengi hapa mjini wanaamini mkaa hauna shida kwa sababu hautoi moshi kama kuni. Ule moshi mweupe unaokuchoma macho kweli ni mdogo, lakini zipo chembechembe ambazo jicho halizioni, zinaitwa PM2.5 kwa sababu upana wake hauzidi maikroni 2.5, unywele wa binadamu ni mpana kama mara 30 ya hapo. Chembe kubwa zinanaswa puani na kooni ukazipenga au ukazikohoa. Hizi ndogo zinapita mpaka mwisho wa mapafu, kwenye vile vifuko ambavyo hewa inakutana na damu, zinawasha uvimbe pale, na ule uvimbe haubaki kwenye kifua, ishara zake zinasafiri na damu mwili mzima. Mishipa inakaza, presha inapanda, damu inakuwa rahisi kuganda. Hii inaanza ndani ya masaa, halafu kuna ile ya miaka, mishipa inazeeka mapema, moyo unatanuka, mapafu yanapungua. Shirika la Afya Duniani linasema hewa chafu ya nje na ya majumbani kwa pamoja inaua mapema watu kama milioni 7 kila mwaka duniani, na sehemu kubwa ya hao wanakufa kwa moyo na kiharusi, sio kwa kikohozi kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kwa mwaka kutoka 10 mpaka maikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa sababu ushahidi ulionyesha hata kidogo kinaumiza.

Kwa hiyo fikiria siku ya mama. Saa 10 alfajiri anawasha jiko ndani ya banda, upepo umetulia, anapuliza uso ukiwa karibu kabisa, na hapo kuwasha ndo kuna uchafu mwingi kuliko muda wote unaofuata, hasa kama anawashia mfuko wa nailoni au kipande cha ndoo. (Mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini plastiki za kuwashia moto bado zipo kila uchochoro, na ule moshi mweusi una sumu mbaya kuliko mkaa wenyewe, tafadhali waacheni.) Presha inapanda asubuhi. Ikifika mchana joto la juu ya bati na la jiko linalegeza mishipa, maji yameisha, presha inashuka. Usiku amelala kwenye chumba ambacho hakijapoa, hajameza dawa siku 6, amekula chumvi, presha inapanda tena. Mimi sina kifaa cha kukuambia asilimia ngapi ni moshi na ngapi ni joto kwa mama yako, hakuna daktari anayeweza kukugawia hivyo kwa mtu mmoja, ila ukiangalia muda wa kila namba picha inaeleweka.

Na kuna gesi nyingine ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu mwenye moyo uliochoka anaihisi kama kichwa kuuma na uchovu asubuhi na mapema. Jiko lisiingizwe chumbani kwa kulala hata kama limebaki majivu, hata siku ya mvua.

Hapa niseme na habari ya maziwa, maana najua mtaniuliza. Kunywa maziwa hakusafishi moshi wala vumbi kwenye mapafu. Maziwa yanaenda tumboni, moshi uko kifuani, hazikutani. Barakoa ya kitambaa nayo chembe ndogo zinapita. Ile nene ya N95 inazizuia kama imekaa vizuri usoni, lakini kwa mtu anayepika kwenye joto la Februari masaa 9 siwezi kumwambia aivae siku nzima, nitakuwa namdanganya.

Sasa mnafanya nini. Kliniki kesho, mwambie mama aende na maboksi yote ya dawa ndani ya mfuko, ikiwemo ya magoti na ya mitishamba kama ipo. Mara nyingi kwa mtu wa hivi tunaangalia ile dawa ya kukojoa kwanza, wakati mwingine tunaipunguza au kuisimamisha miezi ya joto na kuirudisha masika yakiingia, wakati mwingine tunapunguza amlodipini, wakati mwingine tunabadili saa ya kumeza. Ni ipi, inategemea figo zake na namba zake akiwa amekaa na akiwa amesimama, kwa hiyo dozi sitaiandika humu, na wewe usikate vidonge nusu kwa kubahatisha. Metfomini aendelee, isipokuwa siku akitapika au kuharisha sana mpaka hali chochote, hapo aisimamishe na aonwe siku hiyo hiyo.

Kupima nyumbani ndo kutasaidia zaidi ya yote. Tafuteni mashine ya mkono wa juu, sio ile ya kufunga kwenye kifundo cha mkono karibu na kiganja, hata mkichanga watatu hapo nyumbani. Mama akae dakika 5 ameegemea, miguu chini, haongei, mkono wazi usawa wa moyo, mpime mara mbili. Halafu asimame, baada ya dakika moja mpaka tatu mpime tena. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi akisimama, hicho ndicho kilichomdondosha, na hiyo taarifa kwa daktari ni dhahabu. Andika kwenye daftari na saa, asubuhi kabla ya dawa, jioni, na saa yoyote akisikia kizunguzungu.

Maji anywe kidogo kidogo tangu alfajiri, asisubiri kiu, kikombe kila baada ya muda, na aangalie mkojo, ukiwa wa rangi ya chai ameshachelewa. Najua kwa nini akina mama wa biashara hawanywi maji, choo kiko mbali na banda haliachwi. Hilo mlipangie, mtu wa kumshikia dakika 10 saa 5 na saa 8. Wagonjwa wa moyo uliofeli na wa figo hawa sio wa kunywa tu ovyo, wana kipimo walichopewa, waulize kwanza. Na madafu, ndio ni mazuri kuliko soda, ila yana potasiamu nyingi, mtu anayetumia losatani huku figo zimechoka anaweza kujiongezea tatizo, asiyageuze kuwa maji ya siku nzima mpaka majibu ya figo yatoke.

Feni kwa Dar inafaa, ile habari kwamba feni inaongeza joto ni ya sehemu zinazopita nyuzi 40. Aloweshe kanga, ajipanguse shingo na mikono, akae mbele ya feni, hapo ndo unalisaidia lile jasho likauke. Umeme ukikatika kanga mbichi na kipepeo cha mkono vinatosha kwa nusu saa. Kazini ahamishe jiko litoke ndani ya banda, kivuli kiwe juu lakini pembeni pawe wazi, na akae upepo ukimpiga mgongoni. Miezi hii ya kaskazi upepo unatoka upande wa kaskazini mashariki, akigeuza kigoda tu moshi unaenda mbele badala ya usoni. Awashie jiko nje mbali kidogo, alilete likiwa limekolea. Maharage ayaloweke usiku, yataiva haraka. Na anapoinuka, ahesabu mpaka kumi akiwa amekaa wima, ndo asimame, ameshika meza.

Gesi au mkaa? Nikupe mizani kama ilivyo. Gesi inapunguza zile chembe kwa kiasi kikubwa sana, na joto linaloelea pembeni ya jiko ni dogo. Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, sio safi kwa hali ya hewa ya dunia, hilo ni kweli, lakini ukiilinganisha na mkaa wa kukata miti kwa kifua cha mama sina wasiwasi kabisa kuchagua gesi. Shida yake ni hela ya kujaza inatoka kwa mkupuo wakati mkaa unanunua wa 2,000 leo na wa 2,000 kesho, na mtungi wa kilo 6 kwa mama lishe hauchukui siku nyingi. Jiko la presha la umeme kwa maharage na nyama ni zuri kuliko watu wanavyojua, kilo ya maharage haifiki uniti moja, ila chapati hazipikwi humo na umeme ukikatika saa 5 wateja wanakuja saa 6. Mkaa mbadala unapunguza moshi wa macho na unaokoa miti, lakini bado ni kitu kinachoungua, kaboni monoksaidi iko pale pale. Kwangu ningeanza na kuchanganya, maharage kwenye umeme au gesi, chapati zibaki mkaa nje ya banda, halafu mkipata nafuu mnasogea. Kupunguza nusu sio kushindwa.

Swali lako la mwisho, tabianchi inamhusu nini mama. Inamhusu kuliko wanaoiongelea kwenye viti vya mikutano. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza 2024 kuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze, kama nyuzi 1.55 juu ya enzi za kabla ya viwanda, wakati Makubaliano ya Paris ya 2015 yalisema tujitahidi isizidi 1.5. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Mama hajasababisha hili joto, lakini ndiye anayelipokea mgongoni. Na kwenye mikutano hiyo mikubwa ya tabianchi siku ya kwanza kabisa ya afya iliwekwa Desemba 2023, kule Dubai, mkutano wa 28. Mara 27 walikutana bila siku ya wagonjwa, hilo linaniuma.

Ila kuna sehemu mambo mawili yanakutana na ni sehemu ya jiko. Ule masizi mweusi unaotoka kwenye mkaa, kwenye dizeli ya malori na kwenye taka tunazochoma uwani, unakaa hewani siku au wiki chache tu lakini ukiwa huko unavuta joto la jua sana. Ukiuzima leo, mapafu yanapata nafuu na hewa inapata nafuu ndani ya muda mfupi, tofauti na hewa ukaa inayokaa mamia ya miaka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa ziachane na kuni na mkaa. Naunga mkono kwa moyo wote. Ninachosema ni kwamba mama lishe analisha watu 100 kwa siku na yeye sio taasisi, hana bajeti, na uso wake ndo uko juu ya jiko. Ruzuku ikiishia kwenye mtungi wa kwanza bila kujaza, ule mtungi utageuka kigoda.

Na joto lenyewe linahitaji mpango wake. Ahmedabad kule India Mei 2010 joto liliua watu 1,344 zaidi ya kawaida ya mwezi huo, 2013 wakaandika mpango, tahadhari kwa simu, maji mitaani, wahudumu wa afya wakafundishwa dalili. Freetown kule Sierra Leone wao 2021 walimteua Eugenia Kargbo kuwa ofisa wa joto wa jiji, na moja ya kazi za mwanzo ilikuwa kuweka vivuli juu ya masoko ya wazi ambako akina mama wanauza. Kivuli tu. Hiyo hata kikao cha serikali ya mtaa wako kinaweza kuipanga, miti miwili ya mwarobaini na turubai jeupe badala ya bati tupu, bomba la maji, na kukubaliana taka zisichomwe jirani na magenge. Mkienda kwenye kikao msiseme tabianchi, semeni mama zetu wanadondoka, na mtaje tarehe.

Dalili ya mwisho uijue kwa sababu joto linaweza kufika mahali pa kuua. Mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akayumba, akawa moto sana kumgusa, akazimia au kutetemeka mwili mzima, awe anatoka jasho au halitoki, hiyo sio presha wala mashetani, ni kiharusi cha joto. Mtoe juani, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mumpepee bila kuacha huku usafiri unatafutwa. Parasetamo haisaidii hapo, na usimnyweshe kitu mtu asiyejitambua.

Akirudi kliniki niandikie tena namba za siku 7, za kukaa na za kusimama, na majibu ya kriatinini. Na unijuze kama mliweza kulitoa jiko nje.